Mzee Hamira na Chakula cha Mkewe

Baba mkwe wangu ni mwoka mikate, na mtaa mzima unamwita Mzee Hamira. Wageni hudhani jina hilo limetokana na kazi yake. Sisi wa nyumbani tunajua limetokana na hasira zake: huumuka ghafla akajaa nyumba nzima, kisha ukimgusa kidogo tu ananywea. Nimemwona akiumuka kwa sababu ya unga wenye vidudu, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya mwenye nyumba, na kwa sababu ya namna ninavyofunga mikate kwenye karatasi. Kwa mkewe sijawahi kumwona akiumuka, ila mara moja tu, na hiyo nitaifikia.

Tanuri liko nyuma, duka liko mbele, na katikati ni vyumba vyetu na uwanja mdogo wa ndani ambamo Mama alikuwa akipikia. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo nyumbani yeye ni mgeni wa heshima. Anayeuza mikate ni mimi. Watu wanapenda kuniuliza nawezaje kuishi na mama mkwe ukuta kwa ukuta, na wakiuliza huwa wamekwisha kaa mkao wa kusikia umbea. Huwa nawakatisha tamaa. Yule mama nampenda, tena wazi wazi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, anayeshona foronya kutokana na mifuko mitupu ya unga, na ambaye alikuwa na kisukari cha miaka mingi alichokizoea hata akakisahau.

Mambo yalianza asubuhi moja Baba alipoinama mbele ya tanuri, akainuka, na koleo lake refu la mbao likamponyoka mkononi na mikate ikiwa juu yake. Alisema ni kizunguzungu cha njaa. Mtu anayeshinda katikati ya mikate, njaa ataipatia wapi? Mama hakubishana naye. Alivaa viatu, akamshika mkono, wakaenda zahanati, na mimi nikafunga duka nikawafuata.

Presha ilikuwa juu. Daktari, mwanamke aliyeongea polepole, alitueleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Chumvi ikizidi mwilini inashikilia maji na kuzidisha kazi ya moyo. Kuna madini mengine, yanaitwa potasiamu, ambayo yanasaidia figo kuisukuma ile chumvi itoke kwenye mkojo, na mishipa ya damu ikalegea. Yako kwenye ndizi, viazi, maharage, machungwa, mboga za majani. Watu wengi, alisema, wanakula ya kwanza kupita kiasi na ya pili kidogo mno. Walimpima Baba damu wakaona figo zake ni nzima.

"Mzee, wewe punguza chumvi, na hivyo vingine kula kwa raha zako," akasema, huku akimwandikia na vidonge.

Mama alisikiliza bila kupepesa macho. Tuliporudi, kopo la chumvi likafukuzwa jikoni kama mpangaji sugu.

Chakula cha kwanza cha utawala mpya Baba alikitazama kwa muda mrefu. "Mke wangu," akasema, "hii ni mboga, au ni maji uliyooshea mboga?"

"Kula, mume wangu. Ulimi utazoea."

"Ulimi utazoea, lakini mimi je?"

Akala, shingo upande. Mama hakukata tamaa. Alileta ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, akapika viazi na maganda yake, akapika maharage na majani hadi uwanja ukanukia. Halafu siku moja akarudi kutoka duka kubwa na kopo dogo, uso unang'aa. Lilikuwa na kitu cheupe kinachofanana na chumvi, na muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ni chumvi ya wagonjwa wa presha, haina ile inayodhuru, imetengenezwa kwa yale madini mazuri. Baba alionja, akafumba macho, akasema Mungu hamtupi mja wake. Kuanzia hapo kila chungu kikanyunyiziwa.

Pamoja na hayo yote, presha ilikuwa haishuki. Tukamshuku. Mama alimkalia kooni akitaka kujua anakula wapi kwa siri, naye akala yamini kwa kila kitu kitakatifu alichokikumbuka kwamba chumvi haijagusa mdomo wake. Daktari ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza.

"Mzee, na mkate unakula kiasi gani?"

"Mkate?" Baba alishangaa. "Mkate si chumvi, daktari. Mkate ni mkate."

Na huyu ndiye mtu anayetia chumvi kwa viganja vyake kwenye kila donge la unga, kwa vipimo alivyorithi kwa babake. Tena ana mtindo wa kumega kipande cha unga mbichi kila anapokanda, anakitafuna kujua kama kimekolea. Anafanya hivyo asubuhi nzima, na baadaye anakula mkate wenyewe, wa moto, mkavu, na chai. Nilicheka pale pale mbele ya daktari mpaka nikaombwa nitoke nje. Baba hakuniongelesha hadi jioni.

Lakini ni mtu mwenye bidii. Alianza kupunguza chumvi kwenye mkate wa duka zima, kidogo kidogo, wateja wasistuke. Unga nao ukaasi. Bila chumvi ya kutosha, hamira haina wa kuizuia: donge lilipanda kabla ya wakati, likashuka, likamganda mikononi. Wiki ile ya kwanza tulikula mikate bapa, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye hununua mkate mmoja kila siku na kutoa maoni yenye thamani ya mikate kumi, aliniambia mkate wetu siku hizi unaonekana una mawazo. Baba akajifunza kutumia maji ya baridi na hamira kidogo zaidi. Mkate ukarudi kusimama, na presha ikaanza kushuka. Mama aliimba siku hiyo. Sauti yake si nzuri, lakini nilifurahi kuisikia.

Sasa nieleze jambo ambalo sote tulikuwa tunaliona kila siku na tukalisifu. Kila alichokula Baba, Mama alikila pia. Sahani ilikuwa moja, ndizi wanagawana nusu kwa nusu, chungwa vivyo hivyo, na viazi na maharage pamoja na ile chumvi ya kopo. Nilimwambia mara moja kwamba yeye hakuandikiwa chakula kile, apike chake kingine. Akatikisa kichwa.

"Nikimpikia sufuria yake peke yake, atajiona mgonjwa," alisema. "Tukila wote, ni chakula tu, mwanangu."

Niliona ni maneno mazuri sana. Nilimsimulia hata mume wangu kwenye simu.

Mama alianza kwa kuchoka. Akawa anakaa chini kila anapopita karibu na kiti. Akasema miguu mizito, labda ni hali ya hewa. Kisha asubuhi moja alikuwa anaanika foronya zake kwenye kamba, mimi nikipita na kreti la mikate, nikaona mikono yake inashuka yenyewe na magoti yanakunjika. Nilitupa kreti. Nilimdaka kabla hajafika sakafuni, na alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko nilivyodhani mama mzima anaweza kuwa.

"Moyo unaruka ruka, mwanangu," alininong'oneza. "Unaruka, halafu unasahau."

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari, na muuguzi alipoiona ile michoro akaondoka mbio. Nilijua hapo kwamba si hali ya hewa. Walimchoma sindano, wakamtundikia dawa, tukasukumwa nje. Baba alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Alisimama ukutani bila kuegemea, na kila mlango ulipofunguliwa alistuka.

Baadaye daktari wa wodi alituita kando ya kitanda. Mama alikuwa macho, amechoka, amefunikwa hadi kidevuni. Daktari akauliza siku hizi mgonjwa anakula nini. Baba, maskini, akavimba kwa fahari.

"Daktari, mke wangu anakula vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Ndizi kila siku. Machungwa. Viazi na maganda yake. Maharage. Mboga za majani sahani nzima. Hata chumvi tumeacha, tunatumia ile ya kopo, ya madini."

Daktari alishusha kalamu. Akatueleza kwamba kisukari cha miaka mingi kimezichosha figo za Mama. Figo zilizochoka haziwezi kutoa potasiamu, inabaki kwenye damu, inajaa, na moyo unakosa mpangilio. Kwa Mzee ni tiba. Kwa Mama, kila sahani ilikuwa inaongeza. Ile chumvi ya kopo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote.

"Angechelewa kidogo tu, moyo ungesimama," akasema. "Hamkuambiwa kuhusu figo zake?"

Tulitazamana, mimi na Baba. Tukatikisa vichwa.

"Mimi niliambiwa," Mama akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa anatazama ukuta.

"Lini?" Baba akauliza.

"Wakati wewe unaanza presha. Walinipima wakasema figo zimechoka, nirudi kufundishwa chakula. Siku ya kurudi ndiyo ilikuwa siku yako ya kliniki, nikakusindikiza wewe."

Hapo ndipo Baba alipoumuka. Wodi nzima iligeuza vichwa. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeita majirani waje kuzima moto: alijua? Alijua na akanyamaza? Miezi yote ile anakula naye, anamchekea, na anajua? Yeye ni nani kwake, mpita njia? Muuguzi alikuja kumnyamazisha akarudi alikotoka. Sijawahi kumwona mtu mwenye hasira namna ile na woga namna ile kwa pamoja.

Mama alimwacha amalize. "Nilijua figo zimechoka," akasema. "Sikujua kwamba ndizi ina makosa. Na ningekwambia naumwa, ungeacha kujitazama wewe ukaanza kunitazama mimi. Nakujua. Usingekula."

Baba akanywea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mkewe juu ya blanketi, na akalia bila kujificha. "Mimi nilikuwa napona," alisema, "na wewe unakufa, kwenye sahani moja." Nilitoka nje. Mambo mengine mkwe hapaswi kuyatazama, hata mkwe mwenye udadisi kama mimi.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani tulifundishwa kila kitu, safari hii sote watatu. Mama asile ndizi, machungwa, parachichi wala nyanya nyingi. Kile kikopo kitupwe. Chumvi ya kawaida nayo iwe kidogo sana. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, maana potasiamu inatoka na maji. Ale wali, kabeji, tufaha, kipande cha nanasi. Mkate mweupe wa chumvi kidogo unamfaa. Baba aliposikia hilo la mkate alinigeukia kama mtu aliyeshinda kesi.

Na yeye, ambaye hakuwahi kujua sufuria za nyumbani zinakaa wapi, akaingia jikoni. Akimaliza tanuri anavaa aproni safi na kuanza kumenya. Alikata viazi vyembamba, vyote sawa sawa, kwa makini ya mtu anayepima unga. Alivichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena kwa hiari yake, akavionja, akaguna. Mama alikaa kwenye kiti akimwelekeza na kumcheka. Vipimo vyake vya damu vilianza kutulia, rangi ikamrudia usoni. Nyumba ikapumua.

Mimi ndiye niliyegundua ndizi. Nilikuwa namnunulia Baba zake, maana kwake yeye hakuna kilichobadilika: alipaswa kula kama mwanzo. Nikazikuta nyuma ya magunia ya unga, zimeiva mpaka zimekuwa nyeusi. Machungwa alikuwa anawagawia wateja. Mwalimu mstaafu alikuwa amekwisha pata mawili na alidhani ni ofa ya duka.

"Baba, hizi si zako?" nilimuuliza.

Alikuwa anakanda. Hakuinua macho. "Mwanangu, nitakulaje kitu kilichotaka kuniulia mke?"

"Daktari amesema wewe lazima ule."

"Nakula. Nakula anachokula mwenzangu. Viazi vyake, kabeji yake. Vinanitosha."

"Mama anajua?"

"Nimemwambia vyangu navilia huku huku tanurini." Akapiga donge mezani kwa nguvu. "Na wewe usimwambie. Moyo wake utaanza kuruka tena."

Nilitaka kumpasha, yeye na mkewe kwa pamoja. Watu wazima wawili, kila mmoja anajificha kwenye chakula cha mwenzake! Lakini alikuwa na uso ambao haugombezeki. Nikamwambia tu kwamba siku ya kliniki ya Mama atakwenda, na atapimwa na yeye, apende asipende.

Alipimwa. Muuguzi alitazama mashine, akamfungua mkanda wa kupimia presha akaufunga kwenye mkono wa pili. Mama aliona. Alisubiri mashine imalize, kisha akauliza kwa upole kama kweli mume wake anatumia vidonge na chakula. Muuguzi akasema vidonge labda, chakula haiwezekani, kwa namba hizi. Baba akatazama viatu vyake.

"Umekuwa ukila nini?" Mama akamuuliza.

"Nilichokuwa nakupikia wewe."

Njiani nilitembea nyuma yao nikiomba Mama asianguke, kwa sababu mwendo wake ulikuwa mkali kuliko afya yake. Tulipopita sokoni akasimama kwenye meza ya matunda. Akayabonyeza maparachichi kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, mpaka akapata moja lililoiva sawa sawa. Niseme hapa kwamba parachichi ndilo tunda analolipenda kuliko yote duniani, na Baba maisha yake yote amekuwa akimwachia yeye, eti halimpendezi.

Uwanjani alikaa kwenye mkeka, akamwonyesha Baba mahali pa kukaa mbele yake. Akapasua parachichi, akatoa kokwa. Mimi nilikuwa mlangoni na sikuondoka, hata sikujifanya nina kazi. Akachota kijiko kilichojaa, akakinyoosha.

"Fungua mdomo."

"Siwezi," Baba akasema. "Siwezi kula hiki mbele yako."

"Mimi nilikudanganya kwa kula. Wewe umenidanganya kwa kutokula. Basi, tumelingana, yaishe." Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. "Unadhani nataka kubaki nyumba hii peke yangu, na figo mbovu na kitanda kizima? Nakupenda, mzee mkaidi wewe. Kula nikuone."

Sijawahi kumsikia mtu wa umri ule akilisema neno hilo waziwazi namna hiyo. Baba alifungua mdomo. Alitafuna taratibu, machozi yanamshuka hadi kidevuni, akameza.

"Tamu?" Mama akauliza.

"Halina ladha."

"Mwongo. Tumesema yaishe. Niambie kweli."

Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Tamu," akasema. "Limeiva vizuri. Laini mpaka pembeni, halina nyuzi. Mwanzoni unaona kama halina kitu, halafu linakolea, linakaa kwenye ulimi halitaki kuondoka."

Mama alikuwa amefumba macho. Alikuwa anatabasamu, na koo lake lilisogea kama anayemeza.

"Endelea," akamwambia, akachota kijiko kingine.